Mistari Minne Katika Daftari la Maabara

Lewisville, Texas
Jumamosi, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Rehema,

Wewe na mama yako mmekwenda kununua mashuka, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako hamtarudi kabla ya magharibi. Nimefuta meza ya jikoni, nimejitengenezea chai ya tangawizi, nimekaa. Kesho asubuhi tunakupeleka Houston. Habari za funguo, bima ya gari na chakula cha kuweka kwenye friza mama yako amekwisha kuzisema, na atazisema tena njiani mpaka tufike. Mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, na nimelichelewesha miaka kumi na miwili.

Najua Kiswahili cha kuandikwa unakisoma polepole, kidole chini ya mstari. Nimekichagua kwa makusudi. Haya sitaki uyasome haraka.

Wiki mbili za kwanza, mpaka chumba chako cha chuoni kiwe tayari, utakaa kwa Dolores. Wewe unamjua kama bosi wa zamani wa Baba, yule anayetuletea tamale za kuku, ule unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, kila Desemba kwa sababu anakumbuka hatuli nguruwe. Hujui kwamba kuna wakati nilikaribia kumharibia maisha. Yeye hatakuambia. Hajamwambia mtu. Ndiyo maana nakuambia mimi, kabla hujalala nyumbani kwake.

Uvinza kwetu unakujua kwa picha. Babu yako alikuwa anachochea moto chini ya masufuria makubwa ya kuchemshia maji ya chumvi, na nguo zake zikikauka zilisimama zenyewe kama ubao. Kwangu chumvi ilikuwa kitu cha kutia kwenye magunia. Kisha nikasoma jiolojia Dar es Salaam, nikapata nafasi ya kuja huku Dallas kusomea shahada ya pili, na siku ya kwanza Profesa akaniwekea mikononi vipande viwili vya chumvi ya mawe, iliyochimbwa chini sana ardhini. Kimoja kilikuwa kimenyooka kama glasi ya maji. Cha pili kilikuwa kifupi, kinene katikati, kina tumbo kama pipa.

"Hiki cha pili kilikuwa kama hicho cha kwanza," akasema. "Hakikuvunjika. Kimetiririka."

Rehema, mimi nilikuwa nimepiga mawe kwa nyundo miaka mitano. Nilijua jiwe hupasuka. Sikuwa nimewaza kwamba ukilibana pande zote, ukalipasha moto, ukalisukuma taratibu na ukawa na subira, jiwe litajongea kama unga uliokandwa. Nilikigeuza kile kipande mpaka Profesa akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachonga chumvi iwe na umbo la glasi, unaivisha mfuko wa mpira ili mafuta yasiingie, unaitia ndani ya mtungi wa chuma mnene kuliko paja langu. Unajaza mafuta, unayashindilia mpaka yalibane jiwe kila upande. Unawasha tanuri. Halafu pistoni inalisukuma jiwe kutoka juu, na wewe unangoja. Wiki, miezi. Kwa siku nzima jiwe linafupika chini ya unene wa unywele. Kuna kalamu inayochora mstari kwenye karatasi inayozunguka, na mstari ule ndio mwendo wa jiwe. Si mchezo wa watu wasio na kazi. Karibu na Houston kuna milima ya chumvi iliyozikwa ardhini, watu wamechimba vyumba ndani yake na kuhifadhi mafuta na gesi, na lazima mtu ajue vyumba vile vinajifunga kwa kasi gani.

Nilikuwa na mikono mizuri. Kichwa cha hesabu sikuwa nacho. Mtihani uliotakiwa nilifeli mara mbili, nikatolewa kwenye masomo. Profesa hakunitupa. Akanibakiza kama fundi wa maabara, na hapo ndipo tulipopata nafuu, mama yako akasomea uuguzi na wewe ukaanza shule. Nilipaswa kushukuru. Badala yake niliandika nyumbani kwamba nimehitimu. Babu yako alisomewa barua ile na jirani, akafa akiamini hivyo. Hilo ni jingine, na halina tena wa kuombwa radhi.

Nakueleza hili ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule. Nilikuwa mtu aliyetaka kuonekana. Siku za mikusanyiko ya Watanzania wote walikuja na magari mazuri na vyeo, na mimi nilitaka angalau gari. Kwa hiyo kazi yangu ya maabara nikaichanganya na vibarua vya ghala kule Garland, mji wa jirani, bila kumwambia Profesa.

Dolores alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mtoto wa Houston, baba yake fundi bomba. Alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Jiwe lake lilikuwa ndani ya mtungi wiki ya kumi na moja, halijawahi kuguswa, mstari wake mzuri kama uzi, wakati bibi yake alipofariki. Akanijia na daftari.

"Yusufu, nitazamie jiwe langu mpaka Jumatatu. Joto mia moja na ishirini, kila saa mbili uandike. Kalamu inachora mwendo, lakini joto halina wa kuliandika ila wewe."

"Nenda ukazike," nikamwambia. "Jiwe lako niachie mimi."

Ijumaa sikutoka pale. Jumamosi asubuhi rafiki yangu Bakari, Mmombasa wa kule ghalani, akapiga simu. "Yusufu, kuna mtu hajatokea, bosi anataka mtu sasa hivi. Ukija leo, wiki ijayo nita-cover shifti zako zote."

Ningependa kukuambia nilikwenda kwa sababu ya dawa za bibi yako au karo. Hapana. Ilikuwa gari. Niliandika joto la saa nne, nikafunga mlango, nikaenda Garland. Nikajiambia kwamba wiki kumi na moja tanuri halijawahi kuzimika, haliwezi kuchagua leo.

Mchana ikanyesha mvua ya radi, ile ya hapa, ambayo mbingu inageuka kijani. Nilirudi saa kumi na mbili na nusu. Kalamu ilikuwa inachora. Taa zilikuwa zinawaka. Tanuri lilikuwa limezimika, swichi ya ukutani imeruka, na mkono wa kipimajoto umelala kwenye joto la chumba. Sijui lilizima saa ngapi. Hilo ndilo jambo: sijui mpaka leo.

Nikarudisha swichi. Nikaona mkono unapanda. Kisha nikakaa kwenye kiti cha Dolores, nikafungua daftari na kuandika: saa sita, mia na ishirini. Saa nane, mia na ishirini. Saa kumi, mia na ishirini na moja. Saa kumi na mbili, mia na ishirini. Ile moja niliiongeza ili ifanane na kweli. Na mstari wa tatu nilibadilisha kalamu, nikatumia ya wino mweusi. Nimekuficha mengi, lakini hili la kalamu limenisumbua kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nafikiri vizuri kabisa.

Dolores alirudi Jumatatu, macho yamevimba, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Mstari wake uliokuwa kama uzi ulikuwa na kovu. Jiwe lilikuwa limesimama, likakaa, halafu likaondoka kwa kasi kabla ya kutulia.

"Yusufu, umeona hili?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Liliacha, halafu likaendelea. Hakuna aliyeandika kitu kama hiki. Joto lilikuwa sawa?"

Alikuwa ananitazama usoni. Ulikuwa mlango ulio wazi kabisa.

"Lilikuwa sawa," nikasema.

Miezi saba, mwanangu. Chumvi ikipoa hugoma kutembea, ikipata moto huanza tena. Hakukuwa na siri yoyote pale. Lakini kwa kuwa daftari lilisema joto halikutetereka, Dolores aliamini ameona tabia mpya ya jiwe. Alifanya lile linalofanywa na mtu mkweli, alirudia jaribio ili aione tabia ile tena. Haikutokea. Akarudia tena. Alidhani amechonga vibaya, amevisha mpira vibaya. Alikonda. Akawa anakuja siku za mapumziko. Na nani alikuwa anamchongea vipande vipya? Mimi. Nilimsaidia kutafuta kitu nilichojua hakipo, na jioni alikuwa ananishukuru.

Siku moja nikamsikia Profesa akimwambia, bila ubaya, "Labda kazi ya mikono si kipaji chako. Kuna wengine wanafaa kwenye makaratasi." Dolores akaitikia kwa kichwa. Niliendelea kusugua mtungi.

Kukawa na mkutano wa wataalamu Houston. Dolores alipewa nafasi ya kuzungumza, na waliokuwa wanaajiri wangekuwepo. Bado alikuwa na ule mstari wenye kovu kwenye karatasi zake, pamoja na maelezo yake marefu ya kwa nini jiwe hupumzika. Alhamisi kabla ya mkutano nilimwambia mama yako. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nilisema yote mpaka kalamu nyeusi. Hakuacha kupiga pasi.

"Sasa mimi unaniambia wa nini?" akasema. "Mimi sina jiwe. Kamwambie mwenye jiwe."

"Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa," akasema, kama mtu anayekubali kwamba kesho ni Ijumaa. Akaning'iniza sare. "Nitaomba ruhusa kazini. Huendi peke yako, utageuza gari njiani."

Kwa hiyo ile safari yako ya Houston, ile unayoisimulia mpaka leo, ya hoteli yenye bwawa la kuogelea na mashine ya kuchomea kaki za unga asubuhi, ndiyo hiyo. Ulikuwa na miaka sita. Ulitapika tulipofika mji wa Corsicana. Mimi na mama yako hatukuzungumza kutoka Corsicana mpaka Houston, na wewe ukaimba njia nzima.

Nilimkuta Dolores asubuhi kwenye ukumbi wa chini wa hoteli ile ile, ulikokuwa mkutano, amevaa koti jipya ambalo bado lilikuwa na mkunjo wa dukani, anapanga karatasi zake. Akafurahi kuniona. Alidhani nimekuja kumsikiliza.

"Dolores, Jumamosi ile ya msiba wako sikuwepo," nikasema. "Tanuri lilizimika. Yale ya daftarini nilitunga."

Akaziweka karatasi mezani. "Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Niliondoka saa nne, nikarudi kumi na mbili na nusu. Katikati sijui."

Akachukua penseli akaandika pembeni ya karatasi. Kisha penseli ikaanguka.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba nimekuwa nadhani mikono yangu ndiyo mibovu."

Nilikuwa nimeandaa mengi, kuhusu umaskini, kuhusu mtihani niliofeli. Yote yalikauka, namshukuru Mungu yalikauka.

"Ondoka mbele yangu, Yusufu."

Niliondoka mbele yake lakini sikuondoka. Nilikaa safu ya mwisho. Zamu yake ilipofika alisimama, akaonyesha mstari wake, akaweka kidole kwenye kovu na kusema kwamba pale tanuri lilizimika, kumbukumbu za joto za siku ile si za kweli, na kwa hiyo sehemu ile ya kazi ameiondoa. Akaonyesha zilizobaki. Zilizobaki zilikuwa nzuri. Mzee mmoja mbele akauliza, kwa ukali kidogo, nani aliandika kumbukumbu hizo.

Dolores aliniona. Najua aliniona, tulikuwa watu wachache safu ile.

"Maabara yetu iliziandika," akasema. "Swali lingine?"

Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho, katika joto lile la Houston linalokushika kama kitambaa kibichi. Wewe ulikuwa kwenye bwawa na mama yako. Ulinipungia mkono.

Jumatatu nilimwambia Profesa mwenyewe. Akanisikiliza, akanipa mkono, akanitaka nirudishe funguo. Alikuwa na haki. Nilimkasirikia mwaka mzima, lakini alikuwa na haki.

Nilifanya kazi Garland miaka miwili, nikiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Kwenye mikusanyiko waliniita Injinia, na siku moja nikasema, jamani, mimi nabeba maboksi. Watu wakacheka, wakadhani ni unyenyekevu. Nikarudia. Walipoelewa, aliyekuwa karibu yangu aliniongezea pilau. Ndivyo ilivyokuwa, sikufa. Nilikuwa nimeogopa kitu kile miaka mingi, kumbe mwisho wake ni pilau.

Kisha Dolores akapiga simu. Alikuwa ameajiriwa Houston, amepewa maabara, anataka mtu wa kukaa na majaribio marefu. Nilimuuliza kwa nini mimi.

"Una mikono mizuri," akasema. "Kukuamini, sijui. Njoo tuone."

Nataka ulishike neno hilo. Hakusema amenisamehe. Mwaka wa kwanza alipitia kila namba niliyoandika, mbele ya vijana wadogo kwangu, na hakuwahi kuniomba radhi kwa kufanya hivyo, nami sikuitaka. Nilishukuru. Ni vigumu kueleza. Mtu akikukagua maana yake bado anakuhesabu.

Mwaka wa pili tanuri likazima tena. Nilikuwa nimetoka kwenda kula. Niliandika: "Limezimika. Sikuwepo, nilikwenda kula. Sijui lilizima saa ngapi." Nikaliacha daftari wazi. Dolores akapita, akasoma, akatia sahihi chini yake, akaendelea na shughuli zake. Wiki ile ndipo alipoacha kunikagua. Wiki sita za kazi zilitupwa, Rehema, na nilirudi nyumbani nimefurahi kama bwana harusi.

Lakini kazi ile ilikuwa na bei, na wewe ndiye uliyeilipa. Miaka sita nilikuwa Houston Jumatatu mpaka Ijumaa, mpaka Dolores aliponiandikia barua ya kunipendekeza nikapata kazi hii ya kupima saruji hapa Dallas. Niliondoka una miaka minane na meno ya mbele hayapo, nikarudi wewe ni binti mwenye mlango uliofungwa. Nilijua mwendo wa jiwe kwa unene wa unywele, na sikujua rafiki yako wa shuleni anaitwa nani. Nilijiambia nitafidia. Haifidiki. Nilichoweza ni kukaa sebuleni mpaka uzoee kwamba nipo. Na wewe, bila kuombwa, siku moja ulitoka na kitabu chako cha kemia ukakaa upande wa pili wa kochi. Nilishika gazeti saa nzima bila kugeuza ukurasa, nikiogopa utaondoka.

Najua ukifika hapa unasema, Baba, sasa usianze na mawe. Nitasema moja tu, kwa kuwa ni la kweli hata maabara. Jiwe lisilobanwa pande zote, ukilisukuma, hupasuka. Lile lililozungukwa ndilo linaloweza kubeba mzigo mkubwa na kubadilika bila kuvunjika. Mimi nilizungukwa na mama yako, na Dolores aliyesema "maabara yetu", na Profesa aliyenipa mkono, na aliyeniongezea pilau. Sikuwachagua. Nilipewa. Basi, mawe yameisha.

Dolores namwomba Mungu ampe kila la heri. Ukifika usimwambie kitu, wala usimtazame kwa huruma. Msaidie vyombo. Akikuuliza kama Baba yu mzima, mwambie yu mzima.

Nimesikia gari lenu chini, kwa hiyo nitafupisha.

Mwezi wa tatu uligonga gari la jirani ukirudi nyuma, pale maegesho, taa yake ikapasuka. Nilikuwa dirishani, wewe hukuniona. Mvua ilikuwa inanyunya, hapakuwa na mtu. Ulishuka ukatazama. Ukafungua begi lako, ukachana karatasi, ukaandika juu ya magoti yako, ukaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuibana chini ya waipa. Halafu ukapanda ngazi kuja kuniambia, na mimi nikajifanya sijui. Nikakuuliza nani alikufundisha kuacha jina na namba ya simu pale ambapo hapana aliyekuona.

Ukanishangaa. "Kwani kuna njia nyingine, Baba?"

Sikukujibu siku ile. Ipo, mwanangu. Mimi nilipita huko. Namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe, kwamba ulilazimika kuniuliza.

Baba yako,
Yusufu